Maneno ya Rangi ya Majivu

Siku Truda aliponibadilishia programu ya kutafutia, ndani ya mashine yangu mlikuwa na barua elfu hamsini na tatu na ushei. Moja kati ya hizo ilikuwa yangu. Nyinyi wenye mashine na wenye watoto, hesabuni zenu kabla hamjabonyeza Ndiyo. Mimi sikuhesabu.

Ilikuwa Jumatano, mwezi Juni, na Juni ya Mbinga ni ukungu mpaka saa nne, kahawa inaanikwa haikauki, wateja wanaingia wamevaa masweta mawili. Truda binti yangu alikuwa amefunga chuo huko Songea. Alikuja na kadi nyeusi, ndogo kama ukucha wa dole gumba, akaichomeka ubavuni mwa kompyuta kabla hajanywa hata chai.

"Mama, Chekeche yako bado ni toleo la tatu. Songea nzima wameshahamia la nne."

"La tatu lina ubaya gani?"

"Linatafuta kama mlevi anayetafuta ufunguo gizani."

Mzee Otmar Ndunguru, aliyekuwa kwenye benchi la wateja akisubiri nimtafutie hati ya shamba lake, akacheka mpaka akakohoa. "Mwache mtoto afanye, Mama Truda. Leo siku ya tatu nakalia hizi mbao."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Tangu minara ya mtandao izimwe wilayani kwetu, mwaka wa tisa sasa, kila kitu cha watu kinakaa kwenye mashine za maduka kama langu: barua, hati, wosia, mihtasari ya vikao vya ukoo. Lori la posta hupita kila Jumanne, linachukua kadi zetu na kutuletea za wengine. Mtu akipoteza karatasi yake anakuja dukani anasema nitafutie. Nami naiuliza Chekeche.

Chekeche ya tatu ilifanya kazi hivi. Kila nilipohifadhi barua, ilipita neno kwa neno ikaandika kwenye daftari lake: neno "kahawa" liko barua hii, hii na ile. Ukiuliza kahawa, haisomi barua elfu hamsini. Inafungua daftari tu. Ila ilitaka neno lile lile lililoandikwa siku ile. Mzee Otmar alikumbuka shamba la bondeni, hati ikasema shamba la mtoni. Basi siku tatu mbao zikawa zake.

Toleo la nne lilimaliza kujipanga saa tano. Truda akaandika "shamba la Mzee Otmar", na kabla hajaondoa kidole hati ikatoka. Chini yake ikatoka na barua ambayo hakuna aliyeiuliza, ya Mzee Otmar kwa ndugu yake Wendelini. Nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe, miaka minne nyuma. Ilisema ndugu yangu mpendwa, kuhusu mpaka wa shamba, naomba tukae tuzungumze. Lakini sasa, katikati ya maneno meusi, palikuwa na mistari mingine iliyopauka, rangi ya majivu ya jikoni.

*Wewe ni mwizi tangu ulipoiba sukari ya mama ukanisingizia mimi nikachapwa.*

Truda akamgeuzia kioo, mzee akasogeza miwani. "Hilo nalikumbuka. Si nilikwambia ufute?"

"Nilifuta, baba."

"Sasa limefufuka?"

"Linasoma na yaliyofutwa," Truda akasema, na uso wake uling'aa kwa fahari, masikini mwanangu. "Neno ukilifuta kwenye diski halitoki, babu. Linaondolewa jina tu, mashine ijue pale pana nafasi. Mengi hayajawahi kufunikwa na kitu. Toleo la nne linayafuata huko chini, linayarudisha mahali pake, linaandika na siku yalipoandikwa na siku yalipofutwa."

Kama kaburi lililong'olewa msalaba, nikawaza. Aliyezikwa yupo.

"Basi liacheni," Mzee Otmar akasema. "Sukari aliiba kweli." Akacheka tena. Halafu kicheko kikamkatika, akanitazama. "Na yale mengine?"

"Yapi, baba?"

"Basi."

Alichukua hati yake, akatoka bila kuaga. Mzee Otmar ambaye kuaga kwake huchukua robo saa.

*

Inabidi niseme tunavyofanya kazi, maana kosa liko hapo.

Niliajiriwa na Mzee Kinunda, mwenye duka wa kwanza, nikiwa na cheti cha darasa la saba na vidole vyepesi. Maduka mengine humwambia mteja kafikiri kwanza, uje na la kusema. Mzee Kinunda alikataa. Alisema mteja akija na hasira usimkatize, andika kila anachokitoa, hata tusi. Mtu akiona hasira yake imeandikwa inapoa kama uji. Ndipo umsomee. Atasema mwenyewe: futa hapo, futa na hapo. Kinachobaki ndiyo barua.

Nilifanya hivyo miaka ishirini na moja. Mzee Kinunda alipofariki aliniachia duka, na diski ile ile nikaihamisha kutoka kasha moja hadi jingine, makasha matatu. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kwangu kwa sababu hiyo. Walikuwa wanakuja kufuta. Kwa hiyo nadhani hapakuwa na duka lenye majivu mengi kuliko langu mkoa mzima.

Alhamisi mchana, Truda ameenda sokoni na duka halina mtu, niliandika jina la baba yake, Longinus.

Zikaja kurasa kumi na mbili. Barua yangu ilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, chini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoiandika, yeye akijenga barabara huko Mtwara. Maneno meusi nilikuwa nayajua kwa moyo: natumaini u mzima, mimi si mbaya, kahawa imekomaa, naomba uje. Hakuja. Alituma sweta ya mtoto, kubwa, Truda aliivaa alipofika darasa la pili.

Na hapo kati, majivu.

*Mtoto huyu simtaki. Nimeshaongea na mama wa dawa, Jumamosi nakwenda.*

Sikumbuki nilikaa pale muda gani. Nilisikia mtu anapiga hodi, nikafunga ukurasa haraka kama aliyekutwa bafuni.

Ijumaa nikaifungua tena, nihakikishe tu. Ilikuwa ukurasa wa saba.

"Truda," nikasema huku nikikunja karatasi zisizohitaji kukunjwa, "hii Chekeche yako inapanga vipi? Jana kitu kiko nyuma, leo kiko mbele."

"Kwa macho." Alikuwa anakula embe lililokaushwa, akanionyesha kwa kidole kiduara cheusi juu ya kioo. "Hilo ni jicho. Linaangalia mtu anatua wapi. Jicho la kupita halihesabiwi. Ukitua mstarini ukakaa, inajua mstari huo una thamani kwako, inaupandisha. Kesho inakuletea bila kuomba."

"Na kama mtu anautazama kwa sababu anauogopa?"

Akafikiri. "Itajuaje tofauti, mama?"

Nikakunja karatasi nyingine. "Mtu akitaka kuficha barua moja?"

"Haiwezekani. Walikataa makusudi, watu wasifiche ushahidi. Ama daftari lote liko wazi, ama unarudi toleo la tatu, linasugua huko chini kote, yanabaki meusi tu." Akajilamba vidole. "Kwa nini ufiche? Jumanne ndiyo utaona raha yake. Lori likichukua kadi, daftari letu linaunganishwa na ya maduka yote mpaka Nyasa. Mtu akiwa popote anatafuta jina lake tu."

Jina lake tu. Alisema hivyo mtoto wangu, mdomo una utamu wa embe.

*

Tangu Ijumaa ile sikuitazama tena. Naapa kwa misa niliyotoka asubuhi. Nilijifunza kukaa upande, kusoma matokeo ya wateja kwa jicho la kupita, kama unavyompita mtu mnayedaiana salamu. Lakini Chekeche ilikuwa imeshaanza kuleta ya kwake. Kila mteja aliyeuliza chochote chenye mtoto ndani yake, cheti cha mtoto, ada ya mtoto, ubatizo wa mtoto, chini ya jibu ilitokea safu yenye kichwa Yanayokaribiana, na ndani yake barua yangu.

Jumamosi, kwa jicho la kupita, ilikuwa ukurasa wa tatu wa safu hiyo.

Nikajiambia ni Ijumaa, ni macho ya Ijumaa yanayofanya kazi bado. Jumatatu nilitoka misa, nikamkuta Truda ameshafungua kama kawaida yake, amefagia, amewasha mashine, anachemsha maji. Mteja wa kwanza alitaka kadi ya kliniki ya mwanawe. Barua yangu ilikuwa ukurasa wa kwanza, mstari wa nne.

Nilihisi baridi isiyo ya Juni. Kitu nimekiacha, hakiniachi. Kilikuwa kinapanda chenyewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi usiyemwona, unahesabu nyayo zake tu.

Saa nne akaingia Bi. Kolasta Hyera, Mama Filbert.

Mama huyu wote tulimjua. Miaka sita nyuma mwanawe Filbert alikuja dukani kwangu kijana wa miaka ishirini, akaandikisha barua, akaiacha juu ya meza ya mama yake, akaondoka. Mama, naenda Tunduru kutafuta kazi machimboni, usiwe na wasiwasi. Tunduru mama yake amekwenda mara mbili, amezunguka kila shimo na picha. Hakuna aliyewahi kumwona. Na kila Juni, mwezi alioondoka, anakuja dukani kuniomba nimsomee barua ile tena, labda safari hii itasema kingine.

"Mama Truda, naambiwa mashine yako siku hizi inafukua."

"Nani kasema?"

"Mzee Otmar. Anasema imemtolea mpaka sukari ya mama yake." Akakaa kwenye benchi, akajifunika magoti kwa khanga. Alikuwa amevaa sweta ya kiume, mikono imekunjwa mara mbili. "Basi mfukulie na Filbert wangu."

Kioo kinanitazama mimi, mteja haoni. Niliandika jina. Barua ikaja, na baada ya neno Mama, kabla ya neno naenda, palikuwa na majivu mengi.

*Mama, siku ya kuanua tanga la baba nilikuwa nyuma ya jiko. Nilikusikia ukimwambia shangazi, afadhali angebaki yeye barabarani akarudi baba yake. Pikipiki niliendesha mimi, najua. Siendi Tunduru. Nakwenda alikokwenda Benno, na usinitafute.*

Nikakumbuka. Mikono huandika, moyo hausomi, ndivyo tulivyofundishwa; lakini niliyakumbuka yote, mpaka tope la viatu vyake sakafuni. Alisimama nyuma yangu, akasema, "Futa hapo, dada. Mwandikie tu naenda Tunduru." Nikafuta. Kisha nikaenda zangu nyumbani kupika.

Chini ya barua Chekeche iliandika: Benno hayupo katika daftari hili. Huenda yupo katika madaftari ya maduka mengine. Yakiunganishwa, nitamtafuta.

"Kuna kitu?" Mama Filbert akauliza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ningemwambia, Mungu anajua ningemwambia. Lakini akisikia jina la Benno, rafiki wa Filbert aliyeondoka kabla yake, atauliza Benno yuko wapi, na jibu liko kwenye kadi, na kadi ili ijibu lazima ipande lori kesho, na ikipanda lori inapanda na Jumamosi yangu ndani yake. Nikatazama kona ya kioo. Hata kwa jina la Filbert, chini kabisa, Yanayokaribiana: Mtoto huyu simtaki.

"Ni ile ile, dada," nikasema. "Hakuna."

"Mbona umekaa sana?"

"Mashine nzito leo."

Hakunyanyuka. Alikuwa anavuta uzi mmoja kwenye mkono wa sweta, anauvuta, anaurudisha. "Si kitu," akasema. "Truda wako kaniambia Jumanne zinaunganishwa. Nitarudi. Labda huko kwingine aliandika."

Alipotoka nilijiambia Filbert mwenyewe ndiye aliyesema usinitafute. Nilimuahidi kijana wa watu kufuta, na ahadi ni ahadi. Nikajiambia tena, wewe unalinda mji mzima, wale wote waliokuja kwako kufuta. Wake waliotaja waume wasio wao, wazee waliokana watoto. Maneno mazuri. Nilijificha nyuma yao vizuri sana, sikuonekana hata kidole.

Kabla ya saa saba nilifunga mlango, nikaiambia mashine irudi toleo la tatu. Ikauliza, Una hakika? Yaliyofutwa hayatapatikana tena. Nikabonyeza Ndiyo. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kushoto kwenda kulia, taratibu, na diski ikitoa sauti kama ya mtu anayekwaruza ukoko wa sufuria. Nilisimama pale mpaka ulipofika mwisho. Kisha nikatoa kadi ya lori, nikaifuta nayo.

*

Truda aliingia saa nane na hotipoti ya ugali na maharage. Aliiweka mezani, akatazama kioo, kile kisanduku cha njano cha toleo la tatu.

"Umerudisha."

"Lilikuwa zito. Wateja wanalalamika."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine, akaandika jina la baba yake. Ikaja barua moja tu yenye jina lile, nyeusi tupu. Akaitazama kwa muda mrefu, na jicho la juu ya kioo halikuwa likihesabu tena.

"Ilikuwa imefika mstari wa nne," akasema.

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha hotipoti. Sikukiweka chini.

"Nilidhani utashangaa inapanda na huitazami," akasema. "Nikawa nangoja uniulize."

Zile nyayo za ngazini zilikuwa zake. Kila asubuhi mimi nikiwa nimepiga magoti kanisani, mwanangu alikuwa hapa, ufagio umeegemea ukuta, ametua kwenye mstari ule na kukaa.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano ile ile. Jina la kwanza kutafuta lilikuwa langu. Sikulipata, sikuwa na jina bado. Basi nikatafuta la baba." Alisema polepole, kama anayesoma. "Mwanzoni nilikuwa nasoma maneno. Baadaye nikawa nasoma tarehe. Si inaandika siku ya kuandika na siku ya kufuta?"

"Nilifuta hapo hapo, mwanangu. Nilikuwa na hasira, nikaandika, nikafuta. Ndivyo tunavyofanya."

"Siku kumi na moja."

"Siyo kweli."

"Uliandika tarehe nne. Ulifuta tarehe kumi na tano, ndipo ukatuma. Ilikaa hapa siku kumi na moja, mama." Akageuka, na uso wake haukuwa na hasira. Laiti ungekuwa nayo. "Nilitazama kalenda ya mwaka ule. Ndani ya siku kumi na moja hizo mna Jumamosi moja. Nilitaka mashine iniambie, lakini yenyewe inajua yaliyoandikwa tu. Jumamosi ile ulikwenda?"

Miaka ishirini nilijisimulia kwamba nilifuta hapo hapo, na nilikuwa nimeiamini simulizi yangu kama Imani ya Mitume. Ushahidi wa kunisuta ndiyo kwanza nilikuwa nimeusugua kwa mkono wangu. Ningeweza kusema sikwenda. Nani angenipinga?

"Nilikwenda," nikasema.

Akakisogeza kiti karibu yangu.

"Nilikaa kwenye benchi lake tangu asubuhi. Mbele yangu walikuwa wawili. Alipoingia wa pili nilishikwa na njaa, Truda, njaa ambayo sijawahi kuiona. Nikasema nitoke kidogo. Kule chini palikuwa na mama anachoma mihogo. Nikala, nikala tena. Niliporudi zamu yangu imepita, akaniambia njoo wiki ijayo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo."

"Ukarudi?"

"Sikurudi."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu zuri, la mama kumpa mtoto. Nikalitafuta kweli. "Sijui, mama yangu. Wiki ijayo ilifika, nikawa naanika kahawa. Ikapita."

Alivuta hotipoti, akaanza kumega ugali, akaula bila mboga. Alipomaliza kipande cha tatu akasema, "Mihogo," akatikisa kichwa. Sikujua kama anacheka. Mpaka leo sijui. Akaosha mikono, akaniuliza kama aulizaye jambo jingine kabisa:

"Na Mama Filbert? Alikuja leo, nilimwona njiani. Yake ilisemaje?"

*

Jumanne sikwenda misa. Nilipanda kwa Mama Filbert na ukungu bado umekaa juu ya mibuni, daftari la kurasa kwapani na kalamu mfukoni, sijui kwa nini nilivichukua. Nilimkuta anageuza kahawa kwenye chekeche za waya. Alivyoniona akafuta mikono haraka. Alidhani nimeleta habari.

Nilimwambia wima, kabla hajanipa kiti. Nilimwambia nilisema hakuna, na palikuwa na kitu. Nikamsomea kutoka kichwani, neno kwa neno, la nyuma ya jiko, la barabarani, la pikipiki. La Benno. Alisikiliza amekishika kigoda kwa mkono mmoja, kile alichotaka kunipa.

"Benno yuko wapi?"

"Hatujui. Kadi ndiyo ingetafuta kwenye maduka mengine."

"Na kadi?"

"Nimeifuta. Na huko chini kote nimefuta. Hakuna kitakachorudi, dada. Lilikuwemo neno langu, nikaogopa mwanangu asije akaliona."

"Ameliona?"

"Alikuwa ameshaliona."

Akakaa kwenye kigoda mwenyewe. Nilingoja tusi. Ningeliandika, kama ningeambiwa. Lakini alichouliza ni jambo lile lile la Truda.

"Hayo aliyosema alikwambia ufute baada ya muda gani?"

"Hapo hapo," nikasema. "Sikuwa nimefika nukta."

"Una hakika?"

Una hakika. Kwa mara ya kwanza nililitamani toleo la nne, na tarehe zake, na saa zake. Nilijitazama ndani, nikaona tope la viatu, nikaona mkono wake kwenye mgongo wa kiti changu, lakini nukta sikuiona. Jana yake nilikuwa na hakika ya jambo moja miaka ishirini, nikakosea kwa siku kumi na moja.

"Nadhani," nikasema.

Kule barabarani lori la posta likapiga honi mara mbili mbele ya duka langu, kama linavyofanya, likingoja mtu atoke na kadi. Truda hakutoka. Tulilisikia likibadilisha gia, likaanza kushuka.

"Umekuja na karatasi," Mama Filbert akasema. "Basi andika. Kwa kalamu, yasifutike. Nikimpata Benno nitampa ampelekee."

Nikapiga goti chini, daftari juu ya goti jingine. Nikaandika alivyosema: Mwanangu Filbert. Nikaweka mkato, nikangoja aseme kila kitu, kama wanavyosema wote wanapokuja kwangu, kibaya kwanza.

Alifungua mdomo. Akaitazama kalamu. Akaufunga.

"Ikiwa nitakosea?" akauliza.

Kule bondeni lori lilikuwa bado linasikika. Alifungua mdomo tena, akautazama ule wino unaong'aa kwenye jina la mwanawe, na akaanza kuzigeuza kahawa, moja moja, upande wa pili.

Karatasi ile ninayo. Imeandikwa Mwanangu Filbert, na mkato. Kila Jumapili napanda nayo kwake, nakaa, nangoja.